Mkebe wa Risiti

Tulipomaliza matanga ya baba, mwaka wa 2019, dada yangu mkubwa alipanda juu ya kiti akashusha mkebe wa mafuta ya Kimbo wa kilo mbili uliokuwa juu ya kabati. Tangu utotoni mwetu mkebe ule haukuguswa na mtu ila baba mwenyewe, na kila alipotaka kuufungua alinawa mikono kwanza. Tulidhani tutakuta hati ya shamba. Hati ilikuwamo, imekunjwa mara nane, lakini ilikuwa chini kabisa. Juu yake zilijazana risiti.

Nilizihesabu jioni ile nikafika mia tatu na kitu, nikaacha, maana nyingine zilikuwa zimegandana. Za kodi ya kichwa. Za ushuru wa soko, vile vikaratasi vyembamba anavyochana askari wa kanjo bila kukutazama usoni. Za karo, za ujenzi wa shule, za harambee ya zahanati ambayo mpaka leo ni msingi wenye nyasi. Kadi ya chama cha siasa. Karatasi za mshahara. Na ndani ya bahasha ya khaki, karatasi moja iliyokauka kama ngozi, ya babu, ya enzi za Mfalme George. Kiasi kilikuwa kimefutika. Kilichosomeka ni muhuri wa Machakos na kidole gumba cha babu.

"Baba alikuwa anaogopa nini hasa?" akauliza mdogo wetu. Yeye alizaliwa 1985, hawezi kujua.

Sisi ni watu wa Kiboko. Ukitoka Nairobi kwenda Mombasa, ukiisha kupita Sultan Hamud, Emali na Simba, kabla ya Makindu barabara inashuka kidogo na migunga ya gome la manjano inatokea, na hapo kuna mto. Maji yake yanatoka chini ya mawe meusi ya vilima vya Chyulu, ni baridi hata Februari. Mto uliitwa Kiboko kwa ajili ya mnyama. Babu alipenda kutukumbusha kwamba mnyama huyo ndiye aliyetoa pia ngozi ya ule mjeledi wa askari, na kwamba yeye alikutana na mjeledi kabla ya kukutana na mnyama.

Tulihamia huku kutoka milima ya Mbooni mwaka wa 1966, nikiwa na miaka miwili, baada ya ile njaa ambayo Wakamba waliiita ya Atta kwa sababu watu waliponea unga wa msaada. Upande huu wa nchi ulikuwa na vichaka, mbung'o na vifaru. Yule mwindaji Hunter, aliyekuja kujenga nyumba ya wageni pale mtoni, aliandika mwenyewe kwamba kati ya 1944 na 1946 alipiga risasi vifaru 996 katika nchi ya Makueni, kwa amri ya idara ya wanyama, ili Wakamba wapate pa kukaa. Babu alikuwa akisema vifaru walilipa kiingilio chetu. Halafu anacheka peke yake.

Babu alipenda kueleza kwamba alilipa ada ya uzee. Neno ada alilitumia kwa maana zake zote mbili, desturi na malipo, na sidhani aliona kama ni mbili. Zamani zao mwanamume hakuwa mzee kwa kuota mvi. Alikuwa mwanake, akaoa akawa nthele, na ili aitwe mutumia ilimbidi atoe mbuzi na pombe kwa wazee wa utui, yaani kitongoji chao. Akitaka kupanda zaidi, aingie nzama, pale kesi zilipoamuliwa, alitoa zaidi, hata fahali. Msweden Gerhard Lindblom, aliyechapisha kitabu kinene juu ya Wakamba mwaka wa 1920, aliziandika ngazi hizo pamoja na habari za nani anakula kipande gani cha nyama. Babu hakumsoma Lindblom, lakini habari za nyama alizijua vizuri. Alitoa mbuzi wake mweusi mwenye pembe moja, wazee wakamla, na yeye akaketi pembeni hana hata mfupa. Mwezi uliofuata jirani alitoa wa kwake, na sasa babu alikuwa miongoni mwa walaji.

"Mbuzi wangu alinirudia mara nyingi," alikuwa akituambia. "Ile rupia ya Mzungu sikuiona tena."

Kuna neno lingine ambalo wazee wale walilitumia na ambalo leo huwezi kulitamka ofisini bila mtu kufunga mlango: hongo. Misafara ya pembe iliyotoka pwani, ikakatisha nyika ya Taru, ikapita Tsavo na Kibwezi ikitafuta maji, ilitoa hongo kwa wenye nchi. Nguo, shanga, waya wa shaba. Ilikuwa halali kama tikiti ya feri ilivyo halali leo. Ukitoa, unapita, unachota maji, unalindwa. Sijui ni lini hasa neno lilishuka hadhi, lakini nina dhana yangu: nchi ilipopata wenyewe wapya wenye vitabu vya risiti, malipo yasiyo na risiti yakawa dhambi.

Kodi ya nyumba ilianza kwa kanuni za 1901. Mwanzo ilikuwa rupia moja kwa kila nyumba, ikapanda ikawa mbili, kisha tatu. Mwaka wa 1910 ikaongezwa kodi ya kichwa kwa wanaume wasio na nyumba, ili kijana asijidai kwamba analala kwa babake. Kufikia 1920 ilikuwa imefika rupia nane, ambazo sarafu ilipobadilishwa zilikuwa shilingi 16. Baada ya vurugu za Nairobi za 1922, watu walipokusanyika kudai mwanaharakati Harry Thuku aachiliwe, ikashushwa hadi 12. Kwa kibarua wa shamba la mzungu hizo zilikuwa karibu mshahara wa mwezi mzima.

Baba yake babu alikuwa na wake watatu na mama mjane. Nyumba nne. Ilipofika msimu wa kodi, wake wawili walihamia nyumba moja na nyumba ya tatu ikabomolewa kuta mbili, mbuzi wakaingizwa, ikaitwa zizi. Karani alipokuja akahesabu moshi, akakuta kuna majivu ya jana ndani ya zizi. Wakalipa nne. Kisa hiki nimekisikia pia kwa watu wa Kilungu na watu wa Kitui, kila mmoja akidai kuwa ni cha kwao, kwa hiyo huenda kilitokea kila mahali.

Mtoto wa leo ukimwambia kodi ya nyumba anafikiria landilodi. Nilipomweleza babu, siku za mwisho wake, kwamba Nairobi ninalipa kodi ya nyumba, alishangaa kusikia bado ipo. Nikamfafanulia: nimepanga, nyumba si yangu. Akafikiri kidogo. "Basi na mimi nilikuwa nimepanga," akasema. "Nyumba niliijenga mwenyewe, nikapanga kwa Mfalme."

Hakuwa mtu wa siasa. Lakini mwaka wa 1938 alitoa shilingi kwa chama. Serikali ilikuwa imeamua kwamba ng'ombe wa Wakamba wamezidi ardhi, na kiwanda cha nyama cha Liebig kilikuwa kimefunguliwa Athi River kikihitaji ng'ombe wa bei rahisi. Ng'ombe wakakusanywa kwa nguvu wakanadiwa. Hapo ndipo Muindi Mbingu na wenzake walipoinuka na chama chao, Ukamba Members Association, na jina lenyewe linaeleza mambo: wanachama. Watu waliochangishwa kwa amri miaka thelathini na kitu walichanga kwa hiari, shilingi moja moja, hali ng'ombe wao wanachukuliwa. Julai ile watu zaidi ya elfu wakatembea kwa miguu hadi Nairobi kumtafuta Gavana Brooke-Popham, wake kwa waume, wakakaa huko wiki kadhaa. Babu alisema alifika. Susu, yaani nyanya yetu, alisema babu aliishia njiani kwa mjomba wake na kurudi na hadithi. Muindi Mbingu akakamatwa akahamishiwa Lamu, lakini mnada wa nguvu ukasitishwa. Leo Nairobi ina barabara yenye jina lake, na ninapoegesha gari hapo nalipa ada ya kuegesha kwa simu.

Shilingi ile ya 1938 ndiyo pekee ambayo babu alisema iliyafanya yale aliyoambiwa itayafanya. Hakupewa risiti.

Sasa niseme kuhusu mkebe.

Baada ya Uhuru kodi ya kichwa haikuondoka. Ilikuwa imebadilika ikawa ya viwango, mwenye zaidi analipa zaidi. Wanaume wazima wote walidaiwa, na kwa mwanamume ambaye pato lake ni mbaazi na mbuzi kumi, kiwango cha chini kilikuwa juu. Msako ulikuja alfajiri. Wasiolipa walilala mtoni, upande wa pili, penye mafunjo, na blanketi. Sisi watoto tuliwapelekea uji tukijifanya tunateka maji. Kama njia ni salama mama mmoja alianika leso nyekundu. Kama si salama, hakuanika kitu. Nilikuwa na miaka saba na niliona ni mchezo mzuri kuliko yote.

Baba hakulala mtoni. Alikuwa mtu wa kulipa mapema. Mwaka wa 1971 aliuza mbuzi wawili, akaenda kwa miguu hadi kambi ya chifu, akalipa, akarudi akiimba, risiti ndani ya mfuko wa shati. Jumamosi mama akafua. Alichukua nguo zote akashuka mtoni, akazipiga juu ya yale mawe meusi kama alivyozipiga kila Jumamosi, akaanika juu ya vichaka. Msako ulipokuja wiki iliyofuata, baba alitoka ndani akiwa ametulia kabisa, akaingiza vidole mfukoni, na vidole vikatoka na kitu kama ugali wa jana.

Bado naliona lile donge. Askari alilichukua kutoka kiganjani mwa baba, akaligeuza, akalinusa. "Hii ndiyo risiti?" Baba akasema ndiyo, mzee, niliilipa, kitabu chenu kiko, kiangalieni. Askari akasema kitabu kiko Machakos. Mama alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi, hakusema neno. Walimfunga kamba pamoja na watu waliotolewa mafunjoni, wakapelekwa kwa mstari, na baba, ambaye alijiona kuwa raia bora kuliko wote wa sehemu ile, alitembea mbele kwa sababu alikuwa mrefu. Alilala huko siku tatu. Ili atoke, babu aliuza mtamba. Kodi ya mwaka mmoja ililipwa mara mbili, na mara ya pili kwa mtamba ambaye angezaa mwaka ule.

Kimbo iliyokuwa jikoni ikaisha siku moja kwa sababu baba aliihamishia kwenye sufuria. Akaosha mkebe kwa majivu, akaukausha juani. Miaka michache baadaye kodi yenyewe ikafutwa, mwanzoni mwa miaka ya 1970, mahali pake pakaja kodi ya mauzo, ambayo hulipi kwa chifu, unailipa dukani bila kujua. Mkebe ulibaki.

Kuhusu mama, nadhani tangu siku ile hakuamini tena karatasi. Hakusoma. Alijua kwamba kitu kinachoweza kuyeyuka mtoni hakiwezi kuwa ushahidi wa jambo lolote. Wanawake wa upande wetu wakati huo walianza vile vikundi vya mabati: kila mmoja anatoa, zamu kwa zamu mmoja anaezekewa nyumba. Vilichipuka katika Kenya nzima, na kwetu havikuwa kitu kigeni, maana mwethya ulikuwapo tangu zamani. Mwethya ni kazi: leo tunalima kwako, kesho kwangu, tunachimba matuta ya shamba, tunainua kuta. Asiyekuja analipa, na kama hana cha kulipa anapika. Wakoloni walijaribu kuwalazimisha watu wa Machakos kuchimba matuta kwa kiboko wakaambulia chuki; kazi iliposhikwa na mwethya vilima vile vikabadilika sura, na wataalamu wakaja kuandika vitabu.

Kikundi cha mama kilikuwa na wanawake 22 na kilikutana Jumatano chini ya mgunga karibu na daraja. Walimchagua yeye mweka hazina. Walimcheka kwa sababu hakujua kuandika, naye akasema, mnataka hesabu au mnataka mwandiko? Alikuwa msusi wa viondo, mikono yake haikukaa bure. Kila mwanachama, mama alimsokotea uzi wake wa mkonge. Uzi wa huyu aliupaka rangi ya gome la mti fulani, wa yule aliuacha mweupe, wa mwingine aliusokota pamoja na nywele za mbuzi, hivyo kwa kuugusa tu gizani alijua ni wa nani. Shilingi tano, fundo moja. Aliyekopa, uzi wake ulifungwa kitanzi. Akilipa kitanzi kinakazwa kinakuwa fundo. Aliyechelewa alitozwa shilingi mbili, na fundo la wiki hiyo lilipakwa rangi nyekundu, ya kudumu. Zote 22 zilining'inia kwenye msumari mmoja ukutani, na mwanamke yeyote aliweza kuingia nyumbani kwetu wakati wowote, mama awepo asiwepo, akashika uzi wake akahesabu.

Niliwahi kuona ugomvi mmoja tu. Mwanachama alidai ana mafundo 31, uzi unasema 30. Mama hakubishana. Alimpa uzi, akamwambia, pitisha kidole na utaje kila fundo ulitoa pesa wapi. Yule mama akaanza: hili niliuza kuku, hili ni mayai, hili alinipa shemeji wa Makindu. Alifika 30 akanyamaza, akajaribu tena, akafika 30. Nilikuwa darasa la sita, nikifundishwa hesabu za faida na hasara kwenye ubao mweusi, na sijapata kuona ukaguzi wa vitabu kama ule.

Shuleni mambo yalikuwa mengine. Mwisho wa 1973 Mzee Kenyatta alitangaza kwamba karo imefutwa kwa madarasa ya chini, wazazi wakashangilia, na muhula ulipofunguliwa tukakuta kuna kitu kinaitwa ada ya ujenzi. Ilikuwa kubwa kuliko karo. Jina la shule nitaliacha. Shule zote zilikuwa hivyo. Asubuhi ya Jumatatu mwalimu alisoma majina gwarideni, na aliyesomwa alitoka mbele. Tuliosomwa tulirudi nyumbani mwendo wa saa nzima, tukiwa na furaha ya kukosa hesabu na aibu ya kukutana na watu njiani. Zaidi ya pesa tulibeba mchanga wa mtoni kila Ijumaa, kopo moja kila mwanafunzi, na baba mara moja alipeleka dawati kichwani. Kwa dawati hilo alidai risiti. Ipo. Imeandikwa "desk 1, mbao safi".

Miaka ya mwanzo ya 1980 ikaja njaa ambayo watu waliiita nikw'a ngwete, nakufa nikiwa nimeshika, kwa sababu pesa zilikuwapo mkononi na chakula hakikuwapo cha kununua. Baba alikuwa ameshaajiriwa kituo cha utafiti wa malisho hapo Kiboko, ambacho leo kiko chini ya shirika la utafiti la KALRO na watu wanakuja kutoka nchi za mbali kujaribu mahindi yanayovumilia ukame. Alikuwa na mshahara na tulikuwa na njaa. Karatasi zake za miaka hiyo zina makato ya NSSF ya uzeeni na NHIF ya hospitali kila mwezi, na mpaka 1980 makato ya chama cha wafanyakazi wa serikali. Mwaka huo chama kikapigwa marufuku. Baba hakusikitika sana. Alichotaka kujua ni kama alichokatwa kitarudishwa.

Kadi ya chama, ile ya KANU, nitaipita haraka, kila familia ya rika langu ina hadithi yake. Mwaka wa 1988 bila kadi hukupanga ule mlolongo wa kura. Ya baba haina hata mkunjo.

Nitatua kidogo kwa jambo moja la Makindu. Kule kuna hekalu la Masingasinga lililojengwa 1926 na wafanyakazi wa reli, na kila msafiri anayeingia analishwa, awe nani, bila kuulizwa kitu. Baba alinipeleka nilipokuwa naingia sekondari. Tulikula dengu na chapati, tukanawa, na baba akaanza kuhangaika akitafuta pa kulipia. Mzee mmoja mwenye kilemba akamwambia, ndugu, hakuna malipo. Baba akatia shilingi tano kwenye sanduku la sadaka, kisha akabaki amesimama mbele ya sanduku. Nilimvuta mkono. Alikuwa anangoja risiti.

Ukoo wetu una daftari. Koo nyingi za Wakamba zinalo: mwenyekiti, katibu, mweka hazina, mkutano wa Desemba watu wanaporudi kutoka Nairobi na Mombasa. Zamani ukoo ulikusanya ng'ombe mtu wao alipoua mtu wa ukoo mwingine. Siku hizi tunakusanya karo ya chuo kikuu na bili za hospitali, na pesa zinatumwa kwa M-Pesa. Mjini nimejiunga na vyama vya kila aina, na kusema kweli nimetoroka baadhi yake. Hili daftari siwezi kulitoroka. Kwenye mazishi ya baba, kabla ya jeneza kushushwa, katibu alifungua ukurasa akasoma kwa sauti kwamba marehemu hadaiwi. Watu wakaitikia kama wanavyoitikia sala. Niliwaza juu ya wale wanaosomewa kinyume, mbele ya watoto wao, na sipendi jambo hilo. Lakini sikumwambia katibu aache, maana siku hiyo lilikuwa upande wetu.

Mwaka wa 2016 serikali ya kaunti ya Makueni ilianzisha bima yake, shilingi 500 kwa mwaka kwa nyumba nzima, na matibabu katika hospitali za kaunti bila malipo mengine. Dada alijiandikisha siku za kwanza. Kwa mara ya kwanza nilimsikia mtu wa kwetu akisifu malipo ya serikali: alitoa Januari, binti yake akajifungua Aprili, hesabu akaifanya mwenyewe. Wazee waliopita miaka 65 hawakudaiwa ile ada. Baba akanuna. Alitaka kulipa kama watu. Ilibidi dada ampe risiti yake aitie mkebeni.

Juni 2024 vijana walipojaza barabara za Nairobi kuupinga Mswada wa Fedha, na tarehe 25 wakaingia Bungeni, mpwa wangu alikuwa kati yao. Akarudi macho mekundu akaniuliza kwa nini kizazi chetu kilinyamaza. Nilimwonyesha karatasi ya babu. Kwangu mimi mswada uliondolewa lakini makato kwenye karatasi ya mshahara hayakupungua: asilimia 1.5 ya nyumba za bei nafuu, na tangu Oktoba mwaka huo asilimia 2.75 ya bima mpya ya afya. Kodi ya nyumba imerudi, babu angesema. Zote zinanifikia kwa ujumbe wa simu, na simu ikijaa nazifuta.

Mkebe sasa uko kwangu. Nilipofika chini kabisa, chini ya hati ya shamba, nilikuta kitu ambacho dada hakukiona: uzi wa mkonge uliokunjwa vizuri ndani ya kitambaa. Kikundi kilipovunjika kila mwanamke alichukua wake, na mama alipofariki 2007 baba aliutoa wa kwake ukutani akautia humo, pamoja na karatasi. Una mafundo 212. Moja tu ni jekundu. Mama mwenyewe alitueleza habari zake: ilikuwa Jumatano aliyojifungua mdogo wetu. Wenzake walitoka mkutanoni wakaja moja kwa moja na uji, sukari na kuni, wakamwogesha mtoto, wakafagia uwanja, na kabla ya kuondoka wakamdai shilingi mbili za kuchelewa. Fundo alilifunga mwenyewe akiwa kitandani.